Saumu ya Mjamzito

Mwaka 2016 Ramadhani iliangukia katikati ya baridi ya Johannesburg, nami nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mjamzito ameruhusiwa kula. Mimi nilifunga, kwa sababu chumbani kwetu Malvern hapakuwa na chakula.

Mume wangu alikuwa akiuza mikanda kando ya njia kule Marshalltown, mpaka askari wa jiji walipozoa bidhaa zake zote. Tangu hapo alitoka asubuhi kutafuta kibarua, na akirudi alisema ameshakula huko huko. Mimi nilimwambia nimefunga. Kila mmoja alimwachia mwenzake uongo wake.

Jioni nilikwenda msikitini mjini, ghorofani juu ya duka la jumla la mablanketi, ambako wanawake waligawiwa futari: tende, uji, viazi, sambusa. Nilikula polepole nisionekane nina njaa. Msusi mmoja wa Tanga alinitania kwamba nataka pepo mimi na mwanangu, wao wabaki mlangoni, na wote wakacheka. Mama mmoja wa makamo kutoka Unguja, fundi cherehani tuliyemwita Bibi, hakucheka. Alikuwa akitazama vifundo vya mikono yangu.

Kliniki, muuguzi alinyoosha utepe juu ya tumbo langu, akapima tena, kisha akatazama kadi. Alisema mtoto ni mdogo kuliko umri wake, na tangu mara ya mwisho hajaongezeka. Akauliza jana mchana nilikula nini. Nikajibu nimefunga. Alikasirika. Aliniambia mtoto anajengwa na kile ninachokula mimi, hana kwingine pa kuchukua, na siku akiacha kucheza nije hapo hapo.

Kuanzia siku ile niliishi nikimsikiliza. Nikisimama kwenye robot, taa za barabarani, kungoja kuvuka, nikifua, nikisujudu, akili yangu yote ilikuwa tumboni.

Asubuhi moja hakucheza. Nilikunywa maji baridi, nikalala ubavu, nikajibonyeza kwa vidole. Kimya. Mume wangu alikuwa ameshatoka, na kliniki niliogopa kwenda peke yangu kuambiwa nilichokuwa nakihofia. Nikashuka hadi Jules Street, kwenye kibanda cha Bibi. Wateja wawili walikuwa wamekaa wakingoja nguo za Idi.

"Bibi, leo hajacheza."

Alisimamisha cherehani. "Daku ulikula nini?"

"Maji."

"Na juzi?"

Bibi alijifunga mtandio, akatoka, akarudi na chai ya maziwa na maandazi kutoka kwa Mkongo wa jirani. Akasukuma vitambaa pembeni, akaweka chai na maandazi mezani mbele ya wale wateja. Mmoja wao alianza kusema kitu juu ya mwezi mtukufu. Bibi hakugeuka kumtazama.

"Kula. Hii si saumu, mwanangu. Hii ni njaa."

Nilikula mkono mmoja tumboni, chai ikinimwagikia kifuani. Maandazi yalikuwa ya moto. Sikuyasikia ladha. Bibi alikwishafunga mlango wa kibanda nusu na kuwaambia wateja warudi alasiri, maana tulikuwa tunakwenda kliniki. Tukiwa njiani alinishika kiwiko.

Yule muuguzi alinilaza, akapaka mafuta ya baridi, akasogeza kifaa chake huku na huku. Kwanza kulikuwa na mkwaruzo tu. Nilitazama taa ya dari. Kisha mapigo yakaja, ya haraka, ya mbali. Muuguzi alisema yupo, lakini bado ni mdogo, na lazima nilazwe hospitali waniangalie. Ndipo akauliza tena, kalamu mkononi, nimekula nini.

Nilimtazama Bibi. Alitikisa kichwa kukubali.

"Chai na maandazi, sasa hivi," nilisema. "Kabla ya hapo sikuwa na kitu. Nyumbani hakuna chakula."