Ngalawa Kumi na Moja za Ijumaa

Barazani Jumamosi ile tulikuwa saba. Alikuwapo mama yetu, ameketi kwenye mkeka karibu na mlango. Alikuwapo mjomba, mdogo wake mama, mvuvi wa ng'ambo ya Kigamboni, aliyevuka na pantoni bila kuitwa na mtu. Alikuwapo mdogo wangu wa kiume, mwenye shauri lenyewe. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwapo pia. Shauri halikumhusu, ila katika mtaa ule halijapata kupita shauri bila yeye. Halafu jirani yetu wa ukuta mmoja, mtu wa Kilimanjaro mwenye duka la jumla, pamoja na mwanawe mkubwa, ambaye alikuwa darasa moja na mdogo wangu kwenye mafunzo nitakayoyaeleza. Wa saba mimi. Majina ya wote ninayo, na ya baba zao, na ya wake zao ambao hawakuwapo. Sitayaandika. Wajukuu wao wengine bado wananiamkia nikipita Mchafukoge na sitaki waache.

Nimesoma hadi darasa la nne, basi. Ndege sizijui. Ninachokijua ni samaki. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa nanunua mnadani Kivukoni alfajiri, nakaanga, nauza Kariakoo mbele ya nyumba yetu mpaka adhuhuri. Ijumaa nilikuwa nakaanga mihogo, na sababu yake nitaieleza, maana kumbe mjini humu walikuwamo watu wazima waliolipwa kuijua na hawakuijua.

Mambo yalianza na ndege mpya. Jeshi la anga lilipata ndege za doria ya bahari, za kuwinda watu wa magendo na meli za kigeni zilizokuwa zinakuja kutuibia samaki. Siku ya kwanza moja ilipopita chini chini juu ya Kariakoo, watu waliacha kuangalia foleni ya sukari wakatazama juu, na waliokuwa nyuma wakajikuta mbele. Ilikuwa nene, ya injini mbili, na ubavuni ilikuwa na dirisha lililotokeza nje kama jicho la chura. Kwenye dirisha lile alitakiwa akae mtu wa kutazama. Si rubani. Kazi yake atazame maji, aandike alichokiona na mahali alipokiona.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa magurudumu ya ndege. Miaka yote anapaka grisi, hajawahi kuruka. Nafasi ile ya dirishani aliitaka kuliko alivyotaka mke. Na ilimfaa, kwa sababu alilelewa na mjomba ndani ya ngalawa. Tanga likiwa mbali kama kipande cha karatasi, yeye alikuwa anakwambia ni la nani na limeshonwa upya lini.

Sasa ungedhani watu wa kumfundisha kijana kutazama bahari ya hapa wangetafutwa hapa. Kujitegemea kuliandikwa kila ukuta: ofisi ya chama, shule, hata kwenye kanga niliyokuwa najifunga. Wakubwa wakaenda wakakodi kampuni kutoka nchi ambayo, nilivyoelezwa, bahari yake inaganda mtu akapita kwa miguu. Wakaja walimu wawili. Wakapewa fleti Upanga, na mpishi, na ukumbi wa mafunzo chini ya fleti ile ile ili wasichoke kutembea. Miezi mitatu vijana wetu walifungiwa humo, pazia zimeshushwa, wanaonyeshwa picha za meli zenye theluji juu ya sitaha. Bahari ilikuwa nyuma ya zile nyumba. Ukifungua pazia unaiona. Hazikufunguliwa hata siku moja, eti mwanga unaharibu picha.

Jioni moja mdogo wangu alirudi akatuambia wamefundishwa kuitambua meli ya kuvunja barafu. Mama akamuuliza hiyo itafika lini, ili ampikie nahodha.

Mtihani ulikuwa mmoja tu. Wanafunzi wapandishwe kwa zamu, ndege ifuate pwani kwenda kusini mpaka rasi fulani, na kila mmoja aandike vyombo vya wavuvi alivyoviona majini. Walimu waliruka wao kwanza, Jumatano, wakahesabu ngalawa kumi na moja, wakaliandika jibu na kulifungia ndani ya bahasha. Wanafunzi waruke Alhamisi. Alhamisi wakaja wakubwa kupiga picha na ndege, kutwa nzima wanapanda na kushuka ngazi mbele ya kamera, mtihani ukasogezwa Ijumaa. Jibu halikusogezwa.

Na Ijumaa wavuvi wa pwani yetu walikuwa hawaingii baharini. Wanashona nyavu, wanaoga, wanakwenda msikitini, na ngalawa zimepandishwa mchangani chini ya minazi. Ndivyo walivyofanya baba zao na hawakuona sababu ya kuacha. Ndiyo maana nilikuwa nakaanga mihogo. Hakuna muuza chumvi pale Kivukoni ambaye hakulijua hilo. Wale wataalamu walikuwa wamekaa miezi mitatu, na hakuna aliyewaza kumuuliza mtu yeyote anayenuka samaki.

Tena ushahidi waliupata nyumbani kwao. Ijumaa ile ile saa nne asubuhi mpishi wao, mtu wa bara ambaye hakuwa na mwezi mjini, alifika kwangu katumwa samaki, changu. Nikamwambia leo Ijumaa, baba, hakuna aliyetoka, kawakaangie mayai. Akawakaangia. Baadaye alinihadithia mwenyewe kwamba jioni ile mwalimu mkubwa alikula mayai kwa kukosa samaki, karatasi za mtihani ziko pembeni ya sahani, na kalamu nyekundu mkononi anamkata mdogo wangu kwa kutowaona wavuvi.

Maana mdogo wangu alikuwa ameandika: hakuna chombo majini. Wenzake waliandika kumi na moja, mmoja akaandika kumi. Huyo wa kumi naye alifaulu.

Jumamosi asubuhi mkubwa wao wa jeshi, mtu wetu huyo, mzaliwa wa pwani, alimwita mdogo wangu pembeni. Hakumwambia amekosea. Alimwambia mkataba unasema jibu la mwalimu ndilo jibu, na walimu wanaondoka Jumanne. Akampa karatasi mpya isiyojazwa. Aijaze kama wenzake, airudishe Jumatatu, dirisha ni lake. Asipoijaza, magurudumu yapo.

Mdogo wangu akaja nayo nyumbani, akaiweka juu ya benchi la barazani, akasema haijazi. Ndipo mama akatuma watu waitwe, na wasioitwa wakasikia.

Balozi alifungua kikao. Alizungumza juu ya taifa changa, juu ya nidhamu, juu ya adui ambaye halali, na katika yote hayo hakugusa karatasi. Mama alikuwa anachambua mchele. Jirani yetu akaingilia kwa upole, maana alikuwa mtu mpole kweli, sitamdhulumu. Akasema mwanawe ameandika kumi na moja na hajapungukiwa na kitu, na kijana wetu naye aandike, watoto wafanye kazi.

 Mjomba akamgeukia yule mtoto wa jirani.

"Shikamoo, mjomba," kijana akawahi, aone kama itasaidia.

"Marahaba. Uliziona?"

"Niliziona."

"Za tanga au za kasia?"

Kijana akamtazama baba yake. "Za tanga."

"Hongera. Langu mimi Ijumaa lilikuwa limefunika kuni za mke wangu. Hebu nitajie aliyelichukua, nimuulize alilirudisha saa ngapi."

Balozi akacheka, akakumbuka cheo chake, akakaza uso. Kijana alibanwa kidogo akasema yote. Kumbe mwalimu aliwaambia darasani kwamba wavuvi wetu hawakosekani kati ya mji na ile rasi, kumi, kumi na moja, siku zote. Kwa hiyo alipofika pale alitazama.

"Nilitazama sana, mjomba. Mara ya kwanza sikuona kitu. Nikatazama tena. Mwishoni nikawa naziona."

Na mimi nilimwamini, hilo ndilo lililonichukiza. Angekuwa amedanganya ningemwelewa.

Jirani akasema mwanawe hajaiba mali ya mtu, ameulizwa swali amejibu. Mjomba akamwambia amejibu vizuri sana, ila kijana huyo kazi ya ndege haimfai, wamtafutie kazi ya kupiga ramli.

Mdogo wangu alikuwa amekaa wima sasa. Alidhani kesi yake imekwisha na ameshinda. Hata mimi nilidhani hivyo. Mjomba akainyanyua ile karatasi, akaishika juu chini kwa kuwa hakujua kusoma, akamrudishia.

"Sasa na wewe andika kumi na moja."

Mama akaacha kuchambua.

"Mjomba, si wewe mwenyewe umesema hapa—" mdogo wangu akaanza.

"Nimesema. Mimi natafuta mtu wetu wa kukaa pale dirishani. Meli za wageni zinatupitia juu ya nyavu kila mwezi. Huyu," akamwonyesha mtoto wa jirani kwa kidevu, "ikija moja ataziona kumi na moja, na isipokuja ataziona hizo hizo. Hao walimu Jumanne wanapanda ndege wanakwenda kwao kwenye barafu. Wape wanachokitaka, ukae. Ukishakaa utaandika kweli mpaka uzeeke."

Maneno yake yalikuwa na akili. Mpaka leo nikiyapima nayaona yana akili. Mdogo wangu akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemsukuma kila mara tangu utotoni.

"Dada, na wewe unasemaje?"

Mimi niliyemwambia mpishi hakuna samaki. Mimi niliyekuwa na mafuta ya mihogo bado kwenye kucha.

"Andika," nikamwambia. "Mara moja tu."

Nikampa kalamu, niliyoiazima kwenye mfuko wa shati la balozi. Akaandika, akatia sahihi, akainuka akaenda ndani bila kumwangalia mtu. Balozi akasema kikao kimefungwa kwa mafanikio. Alipenda sana neno hilo.

Jumanne walimu waliondoka. Wakaagwa kwa soda na kupewa vinyago, na wao wakawapa vijana vyeti vilivyochapwa kwao, vina picha ya ndege ikiruka juu ya milima ya theluji. Mama alikitundika cha mdogo wangu sebuleni. Wageni wakiuliza ile milima iko wapi, anawaambia ndiko mwanangu anakofanya kazi.

Dirisha alipewa. Wiki za mwanzo alikuwa mtu mwingine. Anakuja, anatueleza jinsi maji yanavyobadilika rangi juu ya mwamba, jinsi kivuli cha ndege kinavyokimbia chini. Na alikuwa anaandika kweli, kama alivyoagizwa na mjomba. Akiona boti mbili anaandika mbili. Asipoona kitu anaandika hakuna.

Mkubwa wake akamwita. Akamwambia ndege hii inakunywa mafuta ya taifa, na kila siku anarudi na bahari tupu. Ndege ile nyingine, aliyokuwamo mtoto wa jirani, haijakosa vyombo vya kutiliwa shaka hata wiki moja. Mdogo wangu akamjibu kwamba anaandika anachokiona. Mkubwa akafungua jalada, akamwonyesha karatasi ya Ijumaa, na sahihi yake chini.

"Uliwahi kuona kumi na moja pasipo na hata moja. Leo unashindwa nini?"

Alinihadithia hayo amesimama mlangoni, hakutaka kukaa.  Tangu hapo akawa anaona. Si nyingi, alisema, mbili tatu, za kumridhisha mkubwa.

Halafu ikaja siku aliyoiona meli ya kweli, ya kigeni, inakokota nyavu zake karibu kabisa na pwani, na nyuma yake vipande vya nyavu za wavuvi wetu vinaelea. Aliandika meli moja, na mahali, na saa. Karatasi yake ikawekwa juu ya zile nyingine, na zile nyingine zilikuwa na meli nyingi kuliko yake. Hakuna boti iliyotumwa. Mjomba alipoteza nyavu zote, yeye na wenzake watatu. Alivuka akaja, akamuuliza mdogo wangu kama aliiona. Mdogo wangu akasema aliiona na aliandika. Mjomba akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, akanywa chai ya mama, akarudi kwake. Hakumlaumu. Hakunilaumu hata mimi.

Mtoto wa jirani alipanda vyeo. Mwishoni alikuwa ndiye anayefundisha wengine kutazama, na nasikia alikuwa mwalimu mzuri.

Wa barazani tumebaki watatu: yeye, mdogo wangu na mimi. Mdogo wangu anasema aliyemwambia "mara moja tu" ni mama, kwamba mimi nilitoa kalamu tu. Mimi naisikia kwa sauti yangu. Huenda ananihurumia. Kama yupo aliyekuwa karibu mchana ule, au aliyehadithiwa na mzazi wake tofauti na nilivyoandika, basi aje anirekebishe, nyumba ni ile ile. Idadi nikikosea nitaifuta, siku nikikosea nitaifuta. Ila aliyesema "mara moja tu" ni nani, hilo hasa nataka nilijue, kwa sababu mama hayupo kujitetea.