Makohozi ya Mwezi wa Pili

Mama Makochi alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na zaidi ya nusu ya umri huo aliutumia kuvisha makochi. Shemeji yake, seremala, ndiye aliyepiga fremu. Mama Makochi alivuta mikanda, akapanga springi, akakata sponji na kukaza kitambaa mpaka kona zikatulia bila mkunjo hata mmoja. Mteja akileta kochi lililobonyea, alilizunguka mara moja, akalipiga kofi mgongoni, kisha akataja siku ya kulifuata. Siku hiyo ikifika, kochi liko tayari. Hakuwa mtu wa njoo kesho.

Ndiyo maana ule ugonjwa ulimkera kabla hata haujamtisha. Alipoanza kukohoa, alisingizia vumbi la sponji. Alipokonda, alisingizia kazi. Siku alipokohoa damu kwenye kitambaa cha kijivu alichokuwa akikipima, shemeji yake aliweka randa chini.

"Shemeji, leo kazi basi. Twende hospitali."

Wakamkuta na kifua kikuu. Muuguzi wa kliniki ya kifua, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, alimweleza kila kitu: dawa miezi sita, kila asubuhi, bila kuruka hata siku moja. Mkojo utageuka rangi ya machungwa, asishtuke. Na ale. "Kula chochote kinachopita kooni, mama. Umebaki mifupa."

Binti yake alilipokea neno hilo kama amri ya jeshi. Alikuwa mpishi wa shule, amezoea kulisha watoto mia nne, na sasa bidii yote hiyo akaielekeza kwa mtu mmoja. Asubuhi uji uliokolea sukari, saa nne juisi, mchana soda, jioni chai ya maziwa tamu hadi midomo inanata. Mama Makochi alikunywa vyote, maana kiu yake haikuwa na mwisho.

"Mnaona? Hamu imerudi," binti aliwaambia majirani, uso ukimng'aa.

Na dawa alimeza. Kila asubuhi, akishameza, alichukua chaki yake ya kuchorea vitambaa na kufuta siku hiyo kwenye kalenda ya ukutani. Hakuna siku iliyobaki bila chaki.

Miezi miwili ilipokwisha alipeleka makohozi yakapimwe, akiwa na uhakika wa mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Muuguzi alisoma karatasi, akaisoma tena, halafu akavua miwani.

"Mama, niambie ukweli. Dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku. Kalenda ninayo nyumbani."

"Kalenda haimezi dawa, mama. Makohozi bado yana vijidudu. Wenzako wengi saa hizi wameshakuwa safi. Na uzito umepungua tena kilo mbili. Wewe ungekuwa mimi ungefikiria nini?"

Mama Makochi alihisi damu ikimpanda kichwani. Katika maisha yake alikuwa ameitwa mkali, mbishi, mwenye mdomo. Mwongo hajawahi kuitwa. Alitaka kujibu, kikohozi kikamkatiza, na kilipomwachia muuguzi alikuwa ameshaandika: kuanzia kesho aje kumeza dawa kliniki, mbele ya macho yake, na makohozi yapelekwe maabara kubwa ikaangaliwe kama vijidudu vimekuwa sugu.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi alipanda kile kilima kidogo cha hospitali, akipumzika mara tatu njiani, akasimama mbele ya meza, akameza, kisha akafumbua mdomo na kuinua ulimi kama mtoto anayeshukiwa kuiba pipi. Kwenye karakana shemeji yake alijaribu kumfariji, akaharibu zaidi.

"Labda siku nyingine ulipitiwa tu, shemeji. Umri nao unakwenda."

"Mimi nipitiwe? Wewe uliyetengeneza meza yenye mguu mmoja mrefu kuliko wenzake?"

Hakusema naye siku mbili.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki tatu: vijidudu si sugu, dawa zinaviweza. Mama Makochi aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Kama vijidudu si sugu, na dawa nameza mbele yako, basi mimi nina nini?"

Muuguzi aliweka karatasi ya majibu mezani. Alimtazama, na safari hii alimtazama kweli. Aliona chupa ya maji ya lita nzima iliyokwisha kabla ya saa tatu. Alikumbuka kwamba mama huyu kila akija huulizia choo, wakati mwingine mara mbili. Akaona na kidole gumba kilichofungwa kitambaa.

"Hicho kidole vipi?"

"Pini ya stepla. Ilinidunga."

"Lini?"

"Ina mwezi sasa. Kidonda hakitaki kupona. Na sikuisikia hata ilipoingia."

Muuguzi alinyanyuka, akarudi na kimashine kidogo, akamtoboa kidole kingine. Tone la damu likawekwa, kimashine kikafikiri kidogo, kisha kikaonyesha kwamba sukari imepita kiwango kinachoweza kupimika.

"Mama, hakuna aliyewahi kukupima sukari?"

"Wapimaji si nyinyi?" alisema Mama Makochi.

Muuguzi aliinamisha macho. "Pole, mama. Ilitakiwa upimwe siku ya kwanza."

Siku hiyo hiyo alilazwa, sukari ikateremshwa. Daktari wa kisukari, kijana mpole anayeongea taratibu, aliwaeleza yeye na binti yake. Sukari ikizidi kwenye damu, mwili unachelewa kuua vijidudu hata kama dawa ni nzuri. Vidonda vinachelewa, mapafu yanachelewa, na hata ukipona ni rahisi zaidi kuugua tena. Kifua kikuu nacho kinapandisha sukari, kwa hiyo magonjwa haya mawili yanasukumana. Tena ile dawa inayogeuza rangi ya mkojo inapunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya sukari, kwa hiyo atachoma sindano ya insulini.

Binti alikuwa ameshika kikombe cha juisi aliyomletea mama yake. Alikiweka chini polepole.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namwua."

"Kisukari alikuwa nacho kabla ya uji wako," daktari alimjibu. "Miaka, pengine."

Mama Makochi alikuwa na hasira na dunia nzima wakati huo, lakini machozi ya binti yalimshinda. "Usijipe kesi, mwanangu. Tuliambiwa tule, tukala."

Mtu angedhani mambo yangenyooka sasa. Hayakunyooka. Dawa za kifua aliruhusiwa kuzimezea nyumbani tena, na kliniki ya kifua ikawa Jumatatu, ya sukari Alhamisi, kila moja na faili lake. Kifua wakamwambia aongeze chakula, sukari wakamwambia apunguze. Nyayo zilipoanza kumchoma kama amekanyaga makaa, muuguzi alisema hiyo ni sukari, aulize Alhamisi. Alhamisi daktari akasema yawezekana ni dawa za kifua, aulize Jumatatu. Akaenda na kurudi wiki tatu, kwa miguu hiyo hiyo iliyokuwa inamwuma.

Jumatatu ya nne alipoambiwa tena "uliza kule", hakwenda popote. Aliketi kwenye benchi la korido, faili moja kila upande, akasema kwa sauti iliyofanya hata foleni ya dawa igeuke:

"Mimi ni mtu mmoja. Mafaili mawili ni yenu. Siondoki hapa mpaka mzungumze."

Mlinzi aliitwa, akamtazama, akaamua ana kazi nyingine. Baada ya saa nzima muuguzi alichukua mafaili yote mawili kwa mkono wake na kwenda kugonga mlango wa daktari wa kisukari. Walikaa humo dakika kumi. Walipotoka, Mama Makochi alipewa vitamini ambayo angepaswa kupewa tangu mwanzo kulinda mishipa ya fahamu, kipimo kipya cha insulini, na karatasi moja ya chakula yenye saini mbili.

"Dakika kumi," alimwambia shemeji yake baadaye. "Mimi wamenizungusha wiki tatu kwa jambo la dakika kumi."

Makohozi yalikuwa safi mwezi wa tano wa dawa. Kwa sababu ya kuchelewa huko dawa ziliongezwa, akazimeza miezi tisa badala ya sita. Siku ya mwisho muuguzi alimpa mkono, akampongeza. Akapokea mkono, akashukuru, maana adabu anayo. Ila picha ya kifua ilionyesha kovu pana upande wa kulia, na daktari hakumficha: pumzi haitakuwa ile ya zamani, na sukari ataishi nayo.

Leo anavisha viti na mito. Makochi ya watu watatu, yale ya kuinua na kupindua, yanafanywa na fundi mwingine ambaye shemeji yake amemtafuta, na kona zake zina mikunjo. Mama Makochi huziona akiwa kwenye stuli yake. Siku nyingine husema. Siku nyingine huinuka, huzibandua pini mbili tatu na kukaza kitambaa upya, kisha hukaa tena, mkono kifuani, akingoja pumzi irudi.

Watu humwambia ashukuru, amepona. Hushukuru. Lakini ukikaa naye kidogo atakwambia kwamba tone moja la damu kwenye kile kimashine, siku ile ya kwanza, lingemwachia pafu lake.