Sinema ya Kasikeu na Mbuzi wa Kilungu

Nikinusa blanketi lenye vumbi, narudi moja kwa moja kwenye kanisa letu la Kasikeu, miaka ya themanini, mchana ule madirisha yalipozibwa kwa blanketi ili tuonyeshwe sinema. Mchungaji alikuwa ametangaza kuwa ni habari ya mama aliyerukwa na akili, nyumba yake ikavunjika. Nilimbembeleza baba mpaka akakubali kuja. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa namna hiyo: aliweza kutwanga mahindi ya muthokoi, ambayo hutwangwa kutoa maganda tu, macho yakiwa mbali, mpaka yakawa unga. Shangazi zangu walisema atatuchomea nyumba, na baba akampeleka kwao Kilungu. Mwaka mzima hakwenda kumwona. Babu, baba yake mama, akachoka, akatuma mbuzi wa kukataa. Kwetu Ukambani, mume akimpokea mbuzi huyo na kumchanganya na mbuzi wake, ndoa imekwisha. Kwa siku nne baba alikuwa amemfunga peke yake nyuma ya ghala, nami nilimkatia majani huku nikimchukia.

Nilitumaini sinema itamfunza baba jinsi mgonjwa anavyotunzwa. Lo! Mama wa sinema alipiga mayowe, akamuuma jirani, akavunja vyungu. Watu wakacheka mpaka machozi. Mumewe akaondoka na watoto. Kisha mhubiri akamwekea mkono kichwani, mara yule mama akatabasamu, mume akarudi. Basi, imekwisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliotengeneza sinema ile hawakuwahi hata kukikalia. Tulipofika nyumbani, baba akasimama mbele ya yule mbuzi.

"Mwende, hiyo sinema ni ya uongo," akasema. "Mama yako hata siku moja hajauma mtu."

"Hata chungu hajavunja, baba."

"Hata chungu." Akaanza kufungua kamba. "Kesho narudishia babu yako mbuzi yake. Wewe fagia nyumba."

Alirudi na mama, amembebea mzigo wake wa nguo begani, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawakulifanya hadharani. Siku hizi binti yangu hunionyesha kwenye simu filamu za wagonjwa kama hao, zilizoigizwa vizuri kweli, lakini hakuna iliyonifaa kama ile mbovu. Mama hakupona kama yule wa sinema. Amezeeka sasa, na siku nyingine bado anatwanga mahindi mpaka yanakuwa unga. Tunapika uji.