Kichwa Kisichojua Maji

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilivaa sketi ya shule, maana sikuwa na nyingine ya maana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, tena mwenye aibu hasa: nilimwamkia Meneja mara mbili na hakunisikia. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, na viwanda vya minofu ya sangara vilichomoza kando ya ziwa kama uyoga. Mimi nikapangiwa mashine ya kuandika tarehe kwenye katoni.

Ninyi mliozoea printa za mezani, ile haikufanana nazo. Kichwa chake, kirefu kama tochi, hakigusi katoni. Kinarusha matone madogo ya wino, umeme unayapinda yawe herufi, na yasiyohitajika yanaingia kwenye kitundu yakarudi tangini. Kishikio tulichongewa na mchomeleaji wa Mkuyuni, kwa sababu kilichokuja na mashine hakikulingana na mkanda wetu.

Fundi Mkuu alinipa sheria moja. "Kichwa hiki hakijui maji. Kisafishe kwa dawa yake tu, kisha kikauke."

Mama Kulwa, mwosha mitambo, hakuwepo aliposema hivyo. Yeye alijua sheria ya kiwanda: kila kilicho karibu na samaki kinapigwa maji ya klorini. Asubuhi moja, Fundi Mkuu akiwa safarini Dar, nilikuta kichwa kinang'aa, kinachuruzika.

"Leo nimekuogeshea mtoto wako," aliniambia, amefurahi.

Mashine ikagoma. Katoni isiyo na tarehe haipandi ndege, na ndege ilikuwa ya jioni ileile. Meneja akaja.

"Nani kaharibu?"

"Mimi nimeosha, bosi. Kwani humu kuna kitu hakioshwi?"

"Chukua vitu vyako, nenda nyumbani."

Mama Kulwa akaanza kuvua glavu. Nikasikia sauti yangu.

"Bosi, asiondoke. Mashine haijafa. Klorini imeacha chumvi, umeme unavuja. Nahitaji wa kunishikia kichwa nikikisafisha; mikono miwili haitoshi."

Meneja akanitazama. "Kumbe unaongea. Haya. Ikishindikana, mnaondoka wote."

Mama Kulwa akashika, mkono wake imara kama jiwe la Bismarck lisimamalo pale ziwani. Nikadondosha dawa, nikafuta, akapepea kwa kipande cha katoni. Herufi za kwanza zikatoka zimelala kama walevi.

"Hizi zimetoka kilabuni," akasema.

Tukarudia. Mchana tarehe ikasimama wima. Jioni samaki wakaruka, na Mama Kulwa akabaki kazini. Tangu hapo kichwa alikisafisha yeye, kwa dawa, hadi alipostaafu akarudi kwake Buzuruga.

Baadaye zilikuja mashine zenye matundu mengi ya wino, nami nikazimudu zote, nikawafundisha na wengine. Sasa nimepumzika. Vijana wakiniuliza nilifundishaje watu kazi ile, nawajibu: sikuanza kutaja sheria hata siku moja kabla sijamwita ndani mwenye ufagio, naye asikie.