Salamu ya Goti

Huku kwetu Lubumbashi pikipiki tunaiita moto. Najua mgeni kutoka pwani akisikia mtu analalamika kwamba moto yake haiwaki atashangaa kwanza, halafu atatafuta ndoo ya maji, lakini ndivyo tulivyozoea. Mume wangu ana moto moja nyekundu ambayo anaipenda kuliko wakwe zake. Simlaumu. Wakwe zake ni ndugu zangu, nawajua.

Kilichokuwa kinanikera si moto yenyewe, ni salamu. Waendesha moto wa mji huu husalimiana wakipishana njiani, hata kama hawajawahi kuonana. Mmoja atainua vidole viwili bila kuachia usukani, mwingine atatikisa kichwa, mwingine atawasha taa na kuizima. Mume wangu hutoa goti. Mkono wa kuume una kazi ya mafuta, wa kushoto una kazi ya klachi, na macho yana kazi ya mashimo. Goti la kushoto, anasema, ndilo pekee linalokaa bure. Basi akiona moto inakuja mbele, goti linafunguka kwa nje kama mlango wa kabati, kisha linarudi. Mwenzake anajibu kwa namna yake, wanapita, na mimi niliyekaa nyuma na kikapu changu nabaki kujishika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, upande wa Kasapa. Asubuhi barabara ile imejaa wanafunzi wa chuo kikuu, na nusu yao wamepakiwa kwenye moto. Goti halipumziki.

"Huyu unamujua?" nilikuwa nikimwuliza.

"Apana."

"Na huyu?"

"Apana, mama."

"Sasa unamusalimia ya nini?"

Anacheka tu. Siku moja nilimwambia kwamba kama angewasalimia wakwe zake hivyo, ukoo wangu mzima ungekuwa umeshampa kiti cha mbele. Goti likafunguka nikiwa bado naongea.

Lakini nieleze pia hofu yangu, maana bila hiyo mtasema mimi ni mwanamke wa makelele tu. Mume wa dada yangu alikufa kwenye njia ya Kasenga. Naye alikuwa mtu wa moto. Aliondoka asubuhi, lori likamgonga, na sisi tulikaa tukimngojea, chakula kimefunikwa, mpaka jirani alipokuja na uso ambao sitausahau. Tangu hapo, mume wangu akienda upande ule, mimi huwa nimekwisha kumzika mara kadhaa kabla hajarudi. Sikuwahi kumwambia. Nilimgombeza kuhusu matope, kuhusu harufu ya petroli, kuhusu salamu, na hayo yalitosha kuifunika hofu yangu.

Na upande ule alikuwa anaenda kila Jumamosi, kuchukua samaki wa ziwa Mweru wanaoshushwa kwenye soko moja njiani. Anatoka alfajiri, na mapema mchana amerudi. Samaki hawana mchezo na jua, kwa hiyo yeye hana mchezo na samaki.

Jumamosi ninayoisema, mchana ulipita. Jua likaanza kuegemea upande wa pili. Nilipiga simu, na yule mama wa ndani ya simu akaniambia kwa Kifaransa chake kizuri kwamba mtu huyo hapatikani. Nilipiga tena, kana kwamba angebadili mawazo. Nilifua nguo ambazo zilikuwa safi. Mwishowe nilifunga kitenge, nikafunga mlango, nikaenda kwa miguu mpaka pale njia ya Kasenga inapoanzia, kwenye kituo ambapo waendesha moto hungojea abiria.

Walikuwa kundi zima, wengine wamelala juu ya moto zao kama vitandani. Nilitaja jina la mume wangu, la ubatizo na la baba yake. Wakatazamana.

"Mama, majina hatuyue," akasema mmoja mwenye kofia ya sufu, ambaye alionekana kuwa mkubwa wao. "Huku kwa barabara hatuitanake majina. Iko na moto ya rangi gani?"

"Nyekundu."

Wakacheka, si kwa ubaya. Karibu zote zilizokuwa pale zilikuwa nyekundu.

"Bon. Anasalimiaka namna gani?"

Hapo nilisita. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, kuhakikisha hakuna mzazi wa mwanafunzi wangu anayepita. Halafu nikapandisha kitenge kidogo, nikakaa kwenye moto iliyokuwa karibu, nikashika usukani, na mimi, mwalimu, mama mzima, nikafungua goti la kushoto kwa nje na kulirudisha.

"Ééé! Papa ya goti!" wakapiga kelele wote kwa pamoja. Papa huku kwetu ni baba, si samaki.

"Njo bwana yako, mama?"

"Njo yeye," nikakubali.

"Ule papa! Hawezi kukupita bila goti, hata mvua inanyesha!"

Kijana mmoja aliyekuwa ameteremka kwenye moto wakati huo huo, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, aliacha kunywa maji yake.

"Miye nilimuona," akasema. "Nilimupita kule mbele ya daraja. Ameikala chini, pembeni ya moto yake."

Kukaa chini kuna namna nyingi. "Ameikala chini namna gani?"

"Ameikala tu, mama. Kwa majani."

"Iko na damu?"

"Damu ya nini? Alinitolea goti."

Sijui kama mmewahi kuona mtu anamshukuru Mungu kwa sababu ya goti. Goti likifunguka, mguu haujavunjika. Mguu usipovunjika na mwenye mguu bado anawasalimia watu wasiomjua, basi huyo ni mzima, tena ni mzima sana, ni yule yule. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi nikalia mbele ya wanaume wale wote, na sikuona haya. Mtu akaniletea kidumu cha kukalia. Mwingine alinipepea kwa kipande cha boksi. Pumzi niliyoishusha siku ile nadhani ilikuwa imekaa kifuani tangu dada yangu alipofiwa.

Nilipomaliza kulia, hasira ikaja kuchukua nafasi yake.

"Sasa weye ulimuona muntu ameikala chini kwa pori, na haukusimama?"

Kijana akaumia moyoni. "Lakini alisalimia, mama!"

Yule wa kofia ya sufu akanieleza taratibu, kama mimi ninavyowaeleza watoto wa darasa la kwanza. Barabarani kuna sheria yake. Ukimkuta mwenzako amesimama na akakusalimia, maana yake yuko salama: anapumzika, au amekwenda haja, mjibu upite, usimsumbue. Mwenye shida hasalimii. Mwenye shida anatupa tawi la mti barabarani au anainua mikono yote miwili, na hapo hata kama unapeleka mgonjwa lazima usimame. Hakuna aliyeiandika, lakini kawaida ni kama sheria.

"Hata miye nilimukuta pale pale," akasema mwingine. "Alinitolea goti."

"Na miye," akasema wa tatu. "Asubuhi ya leo."

Ndipo nikaelewa. Mume wangu alikuwa amekwama kando ya barabara siku nzima, akimtolea goti kila aliyepita, na kila aliyetolewa goti alijibu kwa adabu na kumwacha hapo hapo na samaki wake. Mazoea yana taabu.

"Hawezi kuacha," nikawaambia. "Hata akizama kwa mayi, atasalimia mamba kwanza."

Walicheka mpaka yule mkubwa wao akavua kofia kujifuta machozi. Lakini hakuchelewa. Kulikuwa na wawili waliokuwa wanapakia abiria wa upande ule; akawaita, akanionyesha kwa mkono niseme mwenyewe.

"Mukimukuta," nikawaambia, "na akibasalimia, musimuamini. Musimame. Mubaambie na bengine."

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Sidhani kama walikuwa na pikipiki mawazoni, lakini siku ile walisema kweli. Kule mbele simu hazishiki, ila moto zinapita kila wakati, na kila anayepita ana mdomo. Maneno yangu yaliondoka nyuma ya wale wawili, yakipiga honi.

Walinishauri nirudi nyumbani. Nilikataa. Nilikaa juu ya kidumu changu nikanunua maandazi kwa mama mmoja aliyekuwa na beseni, nikala, nikanunua mengine. Nilikuwa na njaa ya ajabu. Kila moto iliyotoka upande wa Kasenga niliitazama, na kila mwendeshaji alitusalimia kwa namna yake, vidole, kichwa, taa, na kwa mara ya kwanza nilijikuta naitika. Jioni ilikuwa nzuri. Hata moshi wa makaa wa pale karibu ulininukia vizuri.

Alifika jua likiwa linazama, juu ya moto yake mwenyewe, kapu la samaki nyuma limefunikwa majani mabichi, uso umekunjamana. Kituo kizima kikamtolea goti. Yeye hakumtolea mtu. Aliteremka, akaweka moto sawa, akauliza kwa hasira ambayo haimkai vizuri:

"Nani alianzisha ile mambo?"

"Mambo gani?" nikasema.

Akageuka, akaniona kwenye kidumu, na andazi mkononi.

Ikatoka yote. Cheni ilikatika. Kile kipande kidogo kinachounganisha cheni kilirukia majanini, akakitafuta akiwa amekaa, kisha amepiga magoti, kisha tena amekaa. Simu ilikuwa imezimika. Nilimwuliza kwa nini hakuomba msaada.

"Ningeomba saa gani?" akasema. "Bananisalimia, nitaacha kuitika? Nikimaliza kuitika, bote balishapita!"

Halafu mmoja akasimama bila kuombwa, akampa kipande cha cheni alichokuwa nacho mfukoni. Mungu ambariki. Lakini taabu ilianzia hapo. Kila aliyetolewa goti njiani alisimama. "Papa, iko bien?" Niko bien, muzima. Anaondoka, anakwenda kidogo, mwingine anasimama. "Papa, banasema tusikuamini." Akaona hatafika. Akafunga goti.

"Sasa ukafika muzuri," nikasema.

"Muzuri wapi? Njo balisimama zaidi! Banasema leo papa ya goti hasalimie, iko mugonjwa!"

Kituo kilianguka kwa kicheko. Yule kijana wa vumbi alilazimika kushika moto yake isidondoke. Nilicheka nikapaliwa na andazi, na mume wangu akanipiga mgongoni, uso bado umekunjamana, mpaka naye midomo ikamshinda, akacheka.

Nilipopata pumzi nilimshika shati kwa mikono miwili. Lilikuwa limelowa jasho na linanuka samaki. Sikuliachia. Wale wanaume walianza kuangalia minyororo ya moto zao, kila mmoja ghafla ana kazi.

"Siku yote ile kwa majani," nikamwuliza, "ulikuwa unawaza nini?"

Nilidhani atasema cheni. Au samaki.

"Nilikuwa nawaza weye," akasema kwa sauti ya chini. "Vile uko unawaza ule bwana ya dada yako."

Kumbe alikuwa anajua. Miaka yote ile ya matope na petroli na salamu, alikuwa anajua ninachosema, akacheka tu ili nipate kuendelea kugomba. Nilipanda nyuma yake, nikamshika kiuno kwa nguvu kuliko njia ilivyohitaji, tukaenda nyumbani kukaanga samaki kabla hawajaharibika.