Siku Niliyompeleka Mama Mkwe Ngomeni

Mke wangu alikuwa kwao Busiu kwa wiki ya tatu, na kosa lilikuwa langu. Alikuwa amemnenepesha jogoo kwa ajili ya mama yake atakapokuja kututembelea Jinja. Mimi nikawachinjia jogoo huyo marafiki waliokuja kutazama mpira, kisha nikasema ameliwa na nguchiro. Nguchiro haachi mifupa kwenye sahani. Tangu hapo nilikuwa nimemtuma dada yangu akaniombee radhi, nikamtuma mchungaji, nikamtuma hata shemeji yangu mkubwa, na wote walirudi na jibu moja: amesikia.

Basi mama mkwe alipokuja Bugembe, jirani na Jinja, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, akaniletea salamu kwamba angependa kuiona ile ngome ya kale kando ya ziwa, ambako babu yake aliwahi kuwa askari, niliosha gari mara mbili. Hapa ndipo pa kujiombea radhi, nilijiambia. Kikwazo kilikuwa mila. Kwao na kwetu pia, mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu.

Alikaa kiti cha nyuma, kitenge kimeshuka kutoka kichwani mpaka puani. Nami nikakigeuza kioo cha ndani kikatazama paa, nikayaacha magari ya nyuma mikononi mwa Mungu. Njia nzima hatukusema neno, maana wa tatu hakuwepo.

Mlinzi wa hifadhi, mwanajeshi mstaafu, alitupokea kwa saluti. Mama mkwe, aliyekuwa askari magereza kwa miaka mingi, aliirudisha vizuri kuliko yeye. Mwenye kutarajia minara angerudi nyumbani amenuna: ngome yenyewe ni handaki linalozunguka kilima, mawe machache yaliyoota kuvu, msitu mkubwa, na tumbili wengi kuliko wageni. Mama mkwe alisimama ukingoni mwa handaki, akaliangalia kwa ajili ya babu yake. Mlinzi akaanza historia. Hakufika mbali.

"Afande," mama mkwe alimkatiza, "uliza mkwe yangu kama anakula vizuri."

Nilikuwa hatua nne tu kutoka kwake, ng'ambo ya handaki. Mlinzi akanigeukia, akaniuliza upya kila neno. Nikasema chakula kipo, ila hakina ladha tangu binti yake aondoke. Mlinzi akatia chumvi yake: akamwambia mama kwamba mkwe huyu amekonda, hapati usingizi, na suruali anaifunga kwa kamba. Sikumkanusha. Mabega ya mama yakatikisika, nami nikatumaini ni huruma.

Kisha simu ya mlinzi ikalia. Kuna wageni wengine langoni, akasema, akatuacha. Tukabaki wawili, handaki katikati yetu, na hotuba yangu ya kujitetea haina wa kuipeleka.

Tumbili mmoja akashuka kuchungulia mkoba wa mama mkwe. Mama akatoa ndizi, akamrushia, akamngoja akae. Halafu akamwambia polepole, kama anayempa askari mgeni maagizo ya zamu:

"Wewe, ambia mkwe yangu. Mimi na yeye tunaongea na mtu katikati, hiyo ni heshima. Lakini mtoto yangu si mama mkwe yake. Dada alikuja. Mchungaji alikuja. Yeye iko wapi?"

Tumbili aliendelea kumenya. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimemwogopa mke wangu kwa wiki tatu na kuuita woga huo busara. Nikamwomba tumbili, kwa sauti ya chini, amjulishe mama kwamba naenda Busiu leo hii. Mama akamjibu tumbili kwamba yeye pia anarudi leo, na mzigo wake uko kwenye gari tayari.

Tulifika jua likielekea kuzama. Mama mkwe alishuka, akazunguka nyumba, akaingilia mlango wa jikoni. Mke wangu alikuwa uani akipukuchua mahindi, wala hakusimama. Nikachuchumaa mbele yake, nikasema yote bila kupumzika: mpira, kisu, nguchiro asiye na hatia, na jinsi nilivyoogopa kuja mwenyewe.

Aliniacha nimalize. Kisha akaweka gunzi chini.

"Rudia," alisema. "Saa hii angalia mimi."

Kumbe muda wote nilikuwa nikizungumza na miguu yake. Nikainua macho, nikaanza upya.