Si Kila Kikombe Lazima Ukimalize

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, theluji imefunika magari mpaka yote yanafanana kama kondoo. Nilikuwa nimetoka shifti mbili mfululizo kule Fridley, kwenye nyumba ya wazee, kazi ya kugeuza watu vitandani na kuwaogesha. Mgongo ulikuwa unaongea peke yake. Na usicheke nikikuita mwanangu na mimi sijafika thelathini. Huku ughaibuni mtu anazeeka haraka.

Mzee Barasa, jirani yetu wa Bungoma, alikuwa anapika kwenye baa ya Wajapani pale Saint Louis Park. Aliniombea kazi ya kaunta, kumiminia wateja sake, ile pombe yao ya mchele. Kazi ya kusimama tu, hakuna kubeba mtu. Mwenye baa, Mama Haruko, akasema nije mchana huo nionje aina tano. Nikijua kuzitofautisha, kazi ni yangu.

Ya kwanza ilikuwa baridi, inanukia kama tufaha limekatwa sasa hivi. Nikamwambia hivyo, akaitikia kwa kichwa. Ya pili nyeupe kama uji, tamu, ina chenga za mchele. Nikamwambia hii kwetu tungempa mgonjwa, akacheka akashika kaunta. Ya tatu kavu, inauma ulimi kidogo halafu inaondoka bila kuaga. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri, mwanangu.

Sasa, katikati kulikuwa na jagi. Mama alikuwa akionja, anaangalia juu kama anasikiliza mvua, halafu anatema humo. Nikashtuka. Kwetu ukitema pombe ya mwenyeji ni kama umemwita mchawi. Nyanya alinifundisha kikombe cha watu kinarudi kitupu. Basi nikawa namaliza. Naye akiona kitupu anaongeza, maana kwao mgeni haachwi na kikombe kitupu. Yeye ana adabu, mimi nina adabu, na tumboni hamna kitu ila chai ya alfajiri.

Ya nne ilikuwa imepashwa moto. Ilishuka kifuani ikakuta uchovu wa wiki nzima umekaa hapo, wakasalimiana kama ndugu. Ya tano sikuionja. Nililala palepale kwenye kaunta.

Nilipoamka, koti la Mzee Barasa lilikuwa mabegani mwangu. Mama Haruko alikuwa anafuta vikombe polepole. Alisema ulimi wangu ni mzuri, lakini mwenye ulimi amechoka sana. Kazi alimpa mwingine.

Mzee Barasa akanirudisha na gari lake.

"Kumbe wewe ni mlevi?"

"Hapana, mzee. Ilikuwa heshima."

"Heshima gani inakoroma?"

Akapunguza mwendo kwenye theluji, akaniuliza tena.

"Jana walipokuomba shifti ya pili, ulisemaje?"

"Nilisema sawa."

"Na ya leo usiku?"

"Hiyo pia nilisema sawa."

"Uliitwa kuonja, wewe ukanywa. Hawa Wajapani wenyewe, wasipotaka kuongezewa, wanaacha kikombe kikiwa kimejaa. Hakuna anayekasirika. Nani alikwambia kila kikombe lazima ukimalize?"

Jioni nikapiga simu kazini nikasema siendi. Mara ya kwanza tangu nifike. Walisema sawa, wakatafuta mtu mwingine, basi.

Bado niko Fridley, na mgongo bado unaongea. Lakini sasa huwa naujibu.

Mwanangu, nchi hii inamimina. Ukimaliza itakuongezea, wala si kwa ubaya, imeona tu kikombe kitupu. Wahenga walisema heshima si utumwa, na kamba hukatikia pabovu. Kazi onja, ijue, ifanye vizuri, halafu uache kidogo kwenye kikombe. Kusema "leo siwezi" si matusi.

Mungu akupe mgongo wa kukufikisha uzeeni, akupe usingizi wa kitandani kwako, si wa kaunta za watu. Na siku ukichoka, akuletee mtu wa kukufunika koti.